Binti Aliyetaka Kompyuta Ijue Bei ya IST

Hadithi, hadithi! Semeni: hadithi njoo! Ya leo ina utamu wake, ila uongo hatuukaribishi, maana ni hadithi ya hesabu. Hesabu ukiilisha uongo, inakurudishia uongo ule ule, tena ukiwa na nukta na desimali, na watu wanauamini.

Palikuwa na binti wa kidato cha nne, mkazi wa Dar es Salaam, aliyekuwa na mjomba dalali wa magari. Mjomba huyu hakuwa na ofisi. Alikuwa na simu mbili, kiti cha plastiki chini ya mwarobaini karibu na yadi moja, na macho. Gari likisimama mbele yake alilizunguka mara moja, akagonga bodi kwa kidole, akafungua boneti, akasikiliza injini inavyonguruma, kisha akataja bei. Mara nyingi gari liliishia kuuzwa jirani kabisa na bei hiyo.

Binti alikuwa kwenye klabu ya kompyuta shuleni na alishajifunza kuandika programu kwa lugha ya Python. Jumamosi moja akamfuata.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Wa kwenu hawajambo?"

"Hawajambo. Mjomba, nataka kompyuta ijue bei za magari kama unavyojua wewe."

Mjomba akacheka mpaka akashika tumbo. "Mimi nimekula vumbi hapa miaka na miaka. Hiyo kompyuta yako imewahi kupanda gari?"

Alitania, lakini swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Kompyuta haijapanda gari. Haioni kutu, hainusi oili iliyoungua. Inachopewa ni jedwali: safu za namba na maneno. Kisichomo kwenye jedwali, kwake hakipo duniani. Kwa hiyo mnaotaka kuanza mradi wa sayansi ya data, msikimbilie majina makubwa ya algoriti. Kazi iko kwenye kulijenga jedwali, na mimi nitakaa hapo muda mrefu. Algoriti nitazipitia haraka, kama zinavyostahili.

Binti alitaka kuanza na magari yote ya mjini kwa mpigo: Harrier, Noah, Alphard, Land Cruiser, mpaka malori ya Fuso. Mjomba akamkatiza. "Shika moja kwanza. Ukichanganya Fuso na Vitz, utajifunza tu kwamba lori ni kubwa."

Wakachagua Toyota IST. Nani Dar haijui IST? Toyota waliitoa huko Japani mwaka 2002, toleo la pili likafuata 2007, na utengenezaji ukakoma 2016. Toleo la kwanza lina injini ya lita 1.3 au ya lita 1.5. Ni gari dogo, linanusa mafuta, na usukani wake uko kulia kwa sababu Wajapani nao, kama sisi, huendesha kushoto mwa barabara.

Mtauliza: kama gari bado zima, Mjapani analiuza kwa nini? Kwao gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, wenyewe wanauita shaken, huja pamoja na malipo ya bima, kodi na matengenezo, hivyo wengi huona heri kuuza kuliko kulipa tena. Gari hupelekwa mnadani. Huko mkaguzi hulijazia karatasi: alama ya jumla, tuseme 4 au 3.5, herufi ya hali ya ndani, kilomita, na mchoro wa gari wenye alama kwenye kila mkwaruzo na kila palipobonyea. Herufi R kwenye nafasi ya alama huonya kwamba gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Mkiitazama vizuri karatasi hiyo mtaona ni mstari mmoja wa jedwali uliokwisha kujazwa na mtu mwenye macho ya mjomba. Bahati mbaya, gari likishapita mikono miwili mitatu huku kwetu, karatasi mara nyingi haionekani tena.

Basi binti akaanza kukusanya matangazo. La kwanza alilonakili lilisomeka hivi: "Toyota IST 2004, namba D, cc 1490, AC ya barafu, haina kipengele, bei milioni 12, maongezi yapo." Akafurahi. Akampelekea mjomba.

"Bei umeandika ngapi?"

"Milioni 12."

"Hiyo siyo bei, mwanangu. Hiyo ni ndoto ya mwenye gari. Hayo maneno ya mwisho umeyasoma? Maongezi yapo. Maana yake uje na 11 tuanze kuzungumza."

Hapo ndipo miradi mingi huanguka kabla haijasimama. Ukisema unakisia bei, lazima useme bei ipi. Iko bei ya tangazo, iko bei waliyopatana wawili wakashikana mikono, na iko bei ya anayeagiza mwenyewe kutoka Japani akalipa meli, bandari na kodi. Zote zinaitwa bei ya IST na hazilingani. Binti alipiga hesabu ya uwezo wake: bei za matangazo zinapatikana kwa mamia, bei za mapatano hazitangazwi popote. Akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: mradi huu unakisia bei ya tangazo, Dar es Salaam, shilingi za Tanzania. Mjomba naye akakubali kumtajia bei ya mwisho kwa yale machache aliyoyauza mwenyewe. Ikawekwa kwenye safu yake, ambayo karibu yote ilikuwa tupu, na ikaachwa tupu. Asijaze mtu sifuri mahali pasipojulikana kitu. Kompyuta ikiona sifuri itaamini kuna mtu aligawa gari bure.

Safu nyingine zilikuja moja moja, nyingi zikitoka mdomoni mwa mjomba bila yeye kujua kuwa anafanya sayansi.

"Umeandika mwaka wa gari, namba umeiacha."

Alikuwa na maana ya namba ya usajili. Ya Tanzania Bara kwa gari la binafsi ina T, tarakimu tatu na herufi tatu, na ile herufi ya kwanza kati ya tatu imekuwa ikisogea kadiri magari yanavyosajiliwa: A, B, C, D, E. Ndiyo maana mtu mtaani husema "nina IST namba D" na kila mtu anaelewa. IST mbili za mwaka 2004, moja namba B na nyingine namba D, zina umri mmoja tangu kiwandani, lakini ya kwanza imeonja mashimo yetu kwa miaka mingi zaidi. Soko linajua hivyo na linalipa tofauti. Basi gari likapata umri wa aina mbili kwenye jedwali, na binti akaona kwa macho yake kwamba safu aliyokuwa ameidharau ina habari ambayo mwaka wa kiwandani hauna.

Lakini angalieni alichokiandika: herufi tu. Namba nzima ya gari hakuiweka, wala namba ya simu ya muuzaji. Namba nzima inakupeleka kwa mtu, na yeye alikuwa akisoma magari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata kama isingekuwepo, mimi ningemwambia vivyo hivyo: kusanya unachokihitaji, kingine kiache kwa mwenyewe.

Kisha kilomita. Kilomita hurudishwa nyuma, siri hiyo haifichiki. Binti akatengeneza safu ya ukaguzi kwa kugawa kilomita kwa umri wa gari. IST ya miaka 20 inayoonyesha kilomita 60,000 imetembea wastani wa kilomita 3,000 kwa mwaka. Inawezekana, wapo wazee wanaokwenda kanisani Jumapili tu. Mjomba alipoletewa gari la namna hiyo aliinama, akaangalia pedali ya breki. Mpira wake ulikuwa umelika mpaka chuma kinachungulia. "Mguu wa Jumapili haufanyi hivi," akasema. Binti hakulifuta gari lile kwenye jedwali. Aliliwekea alama ya shaka. Kufuta data kwa sababu huipendi ni tabia mbaya, na huanza kwa gari moja.

Akaongeza injini, toleo, giaboksi, rangi, mahali lilipo. Na tarehe ya tangazo, safu inayosahauliwa kuliko zote.

Sasa tusafishe. Ile IST ya namba D ilionekana mara tatu: dalali mmoja kaiandikia milioni 12, wa pili 12.5, wa tatu kaandika "12m" tu. Picha zile zile, ukuta ule ule wa nyuma wenye bango la rangi. Kwa jicho la mtu ni gari moja, kwa kompyuta ni matatu. Kuna walioiita Toyota Ist, wengine TOYOTA IST, mwingine Toyota "Isti". Kuna aliyeandika bei 12, akimaanisha milioni, na programu ikadhani gari linauzwa shilingi 12. Binti alitumia siku nyingi hapa, na hakuna mtu aliyempigia makofi.

Nyumba ya mradi wenyewe aliijenga kwa mabegi manne, yaani folda, kwenye kompyuta. La kwanza, data ghafi, kama ilivyokusanywa, marufuku kuigusa. La pili, data safi. La tatu, programu zinazoitoa data kutoka begi la kwanza kwenda la pili, ili mtu mwingine akizikimbiza apate jedwali lile lile bila kumuuliza. La nne, matokeo. Juu ya yote akaweka faili fupi la maelezo: mradi ni wa nini, safu zina maana gani, unaanzia wapi. Kila hatua akaitunza kwa Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza mabadiliko ya kiini cha Linux. Kwa kazi ya jedwali alitumia maktaba ya programu iitwayo pandas, na kwa modeli, yaani programu inayojifunza kukisia bei kutoka kwenye jedwali, alitumia scikit-learn. Vyote ni bure. Akaandika pia matoleo ya maktaba anazotumia, maana programu iliyofanya kazi Januari inaweza kugoma Agosti kwa sababu maktaba imebadilika.

Halafu akafanya jambo ambalo mjomba hakulielewa mwanzoni. Alichukua gari moja katika kila matano, kwa bahati nasibu, akayafungia kwenye faili la pembeni na akaapa kutoliangalia mpaka mwisho.

"Unatupa mali?" mjomba akauliza.

"Hapana mjomba. Huo ni mtihani wa modeli. Ni kama bahasha ya mtihani wa taifa, haifunguliwi kabla ya siku."

Mwanafunzi aliyeona maswali usiku wa kuamkia mtihani atapata A, na A yake haisemi kitu. Modeli iko hivyo hivyo. Na uvujaji huu huingia kwa njia za kichinichini. Ile IST iliyotangazwa mara tatu, kama nakala moja iko kwenye data ya kujifunzia na nyingine iko kwenye bahasha, modeli imeshaona jibu. Ndiyo sababu nakala huondolewa kabla ya kugawa. Au matangazo mengine yana safu ya "malipo kwa mwezi" kwa wanaonunua kwa mkopo. Malipo hayo yamepigwa kutokana na bei yenyewe! Ukiipa kompyuta safu hiyo itakisia kwa usahihi wa ajabu, nawe utajisifu, mpaka siku utakapoiletea gari lisilo na mkopo.

Kabla ya modeli yoyote, binti alitafuta jibu la mvivu. Tuchukue IST tano, bei zake ni za kujifunzia tu: milioni 9, 11, 12, 13 na 18. Mvivu hasomi chochote, hujibu kila mara bei ya katikati, milioni 12. Amekosea kwa milioni 3, 1, 0, 1 na 6. Jumla 11, gawa kwa 5, wastani wa kosa lake ni milioni 2.2. Andika namba hiyo ukutani. Modeli inayokosea kwa milioni 2.2 haijafanya kazi yoyote, hata kama ina jina la Kigiriki.

Tazameni sasa lile gari la milioni 18. Binti alidhani muuzaji ana tamaa. Mjomba akaangalia picha kwa nukta moja: "Hiyo ni IST new model." Ni toleo la pili. Binti mwenyewe alikuwa ameruka safu ya toleo kwenye tangazo hilo. Kosa kubwa la namna hii ni zawadi, linakuonyesha mahali jedwali lako lina tundu. Kwa hiyo msiridhike na wastani wa makosa. Pangeni makosa kuanzia kubwa, mkae na kumi ya kwanza, muulize kwa nini.

Algoriti sasa, nilivyoahidi. Ya kwanza ni ya kuchora mstari: umri ukiongezeka, bei inashuka kiasi gani. Kanuni ya kuchagua mstari bora aliichapisha Mfaransa Adrien-Marie Legendre mwaka 1805, akishughulika na njia za nyota zenye mkia. Chukua kila kosa, lizidishe kwa lenyewe, jumlisha, kisha tafuta mstari wenye jumla ndogo kuliko yote. Makosa ya yule mvivu yakizidishwa hivyo huwa 9, 1, 0, 1 na 36. Jumla 47, na gari moja limebeba 36. Mmeona? Kanuni hii huliogopa sana kosa moja kubwa, nalo huuvuta mstari mzima upande wake. Ndiyo maana tulihangaika na bei ya shilingi 12 mapema.

Ya pili ni msitu wa miti ya maamuzi, uliopewa umbo lake maarufu na Mmarekani Leo Breiman mwaka 2001. Kila mti huuliza maswali ya ndiyo na hapana: ni toleo la pili? umri umezidi miaka 15? namba ni D au E? Mamia ya miti hujibu, majibu hupigiwa wastani. Wapo wanaoanza na huo moja kwa moja. Mimi naona bora mstari kwanza, maana mstari unaeleweka na mjomba.

Bahasha ikafunguliwa. Modeli ilimshinda mvivu, tena kwa nafasi nzuri. Ila gari moja iliikosea vibaya: modeli ilisema milioni 11, tangazo lilisema 6. Binti akakagua kila safu, hakuona kasoro. Akampigia mjomba. Mjomba akalijua gari. "Hilo lilizama kwenye mafuriko. Fungua zulia, utakuta udongo." Hakuna tangazo duniani litakaloandika "lilizama". Safu hiyo haipatikani, na modeli haitaijua kamwe. Binti aliliandika hilo kwenye faili la maelezo, chini ya kichwa: mambo ambayo modeli hii haioni.

Akaongeza na jingine. Rafiki yake wa Nairobi aliomba aitumie modeli huko, akamkatalia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Tanzania inaruhusu, ila gari kuukuu hubeba ushuru wa ziada kwa sababu ya umri. Soko lenye sheria tofauti lina bei za tabia tofauti, na modeli iliyolelewa Dar ingekuwa mgeni Nairobi asiyejua kuwa ni mgeni.

Muda nao ni kama nchi nyingine. Mwaka 2021 vipande vidogo vya elektroniki viliadimika duniani, viwanda vikapunguza magari mapya, na Marekani bei za magari yaliyotumika zikapaa. Modeli iliyojifunza bei za 2019 ingekisia chini kila siku. Mwaka huo huo wa 2021, mwezi Novemba, kampuni ya Zillow ya Marekani ilitangaza kufunga biashara yake ya kununua nyumba kwa kutegemea makisio ya kompyuta, na kupunguza takriban robo ya wafanyakazi wake. Walikuwa na wataalamu wengi na data nyingi kuliko shule zetu zote. Soko liliyumba, makisio ya miezi ya mbele yakawasaliti.

Nawe msomaji, huhitaji kusubiri kompyuta. Chukua daftari, chagua kitu kimoja kinachouzwa mtaani kwenu, iwe simu za mkononi, baiskeli au pikipiki. Juu ya ukurasa andika ni bei ipi unayoitafuta. Nenda kwa mtu anayekiuza kila siku, umsalimie kwa adabu, umuulize huwa anaangalia nini kabla ya kutaja bei. Kila jibu lake ni safu. Ukifikisha bidhaa mia moja, kila moja na tarehe yake, tafuta jibu la mvivu, kisha ndipo uombe kompyuta ya shule.